Kamba ya Kwenda Ziwani

Jumatatu, 3 Novemba

Castory amefungua baa. Kati ya ukuta wake na wangu hapa Katonga anapita kuku mmoja, wa pili asubiri. Kaleta spika mbili ndefu kuliko mimi, kaziwasha tangu alasiri, na mabati ya nyumba yangu yanatetemeka kama yana homa.

Kila jioni tukishakula huwa namsimulia mzee wangu, Leodgar, siku ilivyokwenda. Haoni. Presha ya macho ilimla jicho moja kisha la pili, na hospitali tulifika wakati hakuna cha kuokoa. Basi gazeti lake ni mimi. Leo nimefungua mdomo, nimesema, akaweka kiganja sikioni. Nikasema tena kwa nguvu. Akauliza, "Nani kafa?" Hakuna aliyekufa. Nilikuwa namwambia bei ya mihogo.

Nimechukua daftari aliloacha mjukuu. Nitaandika ya leo, asubuhi pakitulia nimsomee. Nimeishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

4 Novemba

Nimemsomea baada ya uji. Akacheka pale kwenye kuku. "Andika na leo," akasema.

6 Novemba

Mwezi umejaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanakaa nchi kavu, na mvuvi akikaa nchi kavu anatafuta pa kukaa. Wote wako kwa Castory. Sasa najua kalenda yake.

9 Novemba, Jumapili

Watu wanamwona mzee wangu anakwenda ziwani peke yake jioni wanasema Mungu anamshika mkono. Mungu ana kazi nyingine. Leodgar anatembea kwa masikio. Akitoka mlangoni anaweka mawimbi mbele yake. Akifika kwenye mchikichi, majani yanagongana juu, anajua pa kukata kulia. Halafu kijito kinacheka upande wa mawe, hicho anakiacha mbali. Akisikia maji yanapiga ubao, hapo ndipo ulipo mtumbwi wake wa zamani uliopinduliwa. Anaukalia, anasikiliza wenzake wakiondoka kuvua, kisha anarudi kula. Hajawahi kuomba mtu amshike. Ukimshika anauondoa mkono wako.

Leo amesimama mlangoni muda mrefu. Kisha akarudi ndani akasema hajisikii kwenda.

12 Novemba

Nimekwenda kwa Castory. Nimemjua tangu anapanda kwenye mipapai yangu bila suruali.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Punguza."

"Eeh?"

"Punguza hiyo mashine yako! Nyumba yangu inacheza bila kualikwa."

Akacheka, akapunguza. Mtoto ana adabu, hilo siwezi kumnyima. Nilipofika mlangoni kwangu ilikuwa imerudi palepale.

Verediana, jirani yangu, kajiwekea jiko la kukaangia samaki getini kwa Castory. Anatikisa mabega huku anageuza migebuka. Nimempita bila kumsalimu. Mwanamke wa jumuiya yetu, anaongoza rozari kila Jumatano!

18 Novemba

Mvua. Kuku wangu mtetea ameyaacha mayai. Alikuwa anakaribia kuangua, mayai yote yamepoa. Mzee kayashika moja moja, akayatikisa sikioni, akasema, "Wamekufa humo ndani." Nimekasirika kuliko inavyostahili kuku.

22 Novemba

Hakuna jipya. Kelele.

29 Novemba

Mzee ananiambia vyura hawajalia mwaka huu. Nikasema wamelia, hatuwasikii tu. Akasema hapana, hata alfajiri baa ikiwa imelala hawalii. Kijito kile kila masika kilikuwa na vyura wa kukukosesha usingizi, tulikuwa tunawatukana. Sasa nani atawatukana. Na yule tai wa ziwani aliyekuwa anakaa juu ya mchikichi na kupiga yowe lake asubuhi, simwoni. Sikumwambia mzee. Ameshajua.

4 Desemba

Mwezi umejaa tena.

10 Desemba

Jana radi ilipiga nguzo huko Rusimbi na umeme ukakatika pwani nzima. Niandike vizuri, maana siku kama hii haiji mara mbili.

Ilikuwa jioni, mvua imepita. Spika zikanyamaza katikati ya wimbo. Mwanzoni nilidhani nimepata ugonjwa. Kisha nikasikia maji, nikasikia mtoto wa Verediana akiulizia chumvi, na mchikichi ukidondosha matone. Chura mmoja kijitoni akajaribu, akanyamaza, akajaribu tena. Mzee alikuwa ameshasimama.

"Brigita, koti."

Akatoka peke yake. Nilibaki jikoni nikiwa nimeshika mwiko, siwezi kusonga ugali wala kuacha. Muda si mrefu nikasikia.

Zamani pwani hii kila mtumbwi ulikuwa na mwito wake. Alfajiri hujaona kitu, sauti inakuja juu ya maji, na kila mwanamke anaijua ya kwake, anabeba beseni anashuka. Wa Leodgar ulikuwa mrefu mara mbili na mfupi mara moja. Hooo-ya! Hooo-ya! Ya! Niliusikia nikiwa nimelala, mtoto analia ubavuni, mvua juu ya bati. Sijawahi kuukosa. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba nikifa wamlete Leodgar aite, nitaamka.

Basi jana mzee mwenye meno manne ameketi juu ya mtumbwi mbovu, ananiita kama analeta dagaa. Nikagonga sufuria kwa mwiko, ndivyo nilivyokuwa namjibu. Nikasikia anacheka kule chini. Amerudi amekula ugali mkubwa wa muhogo, ameongea mpaka nikamwambia anyamaze nilale.

13 Desemba

Castory kanunua jenereta. Kaliweka chini ya dirisha langu.

16 Desemba, Jumanne

Afisa mazingira amekuja. Nilikwenda ofisini kwao wiki iliyopita nikakaa kwenye benchi mpaka wakachoka kuniona. Anaitwa Jonathan, si mtu wa huku, kaletwa na kazi. Kijana safi, viatu vyake vimeingia tope akavisikitikia. Ana kidude cha kupima kelele. Akakinyanyua asubuhi ile, Castory amelala, wavuvi nao wamelala, maana sasa ni giza la mwezi na jana walikuwa ziwani. Kidude kikasikia nzi.

"Bibi, hapa pako ndani ya kiwango."

"Njoo jioni mwezi ukijaa."

"Kazi yetu inaisha saa tisa na nusu, bibi."

"Kwa hiyo kelele za baada ya saa tisa na nusu ni za nani?"

Akafuta tope kwenye kiatu. Akasema akimfungia Castory, lazima akafunge na vipaza sauti vya mkesha wa kanisa langu na vya majirani zangu wengine, na mashine ya kusaga, na kila bodaboda iliyotobolewa bomba. "Nitaanzia wapi, bibi?"

Nikamwambia aanzie popote, hata kwenye kanisa langu. Nilimaanisha. Padre akisikia atanisema.

Nilimpa ndizi akala. Si mtu mbaya. Hana faida, lakini si mbaya.

19 Desemba

Nimefunga kamba. Kamba ya nyavu, nzuri, kutoka nguzo ya mlango hadi mchikichi, kutoka mchikichi hadi kwenye mtumbwi. Nikamwita mzee nikamshikisha.

"Hii nini?"

"Ushike uende ziwani."

Akaiachia kama imemchoma. "Mama Selestini, mimi si mbuzi."

Hatujaongea tena leo. Hata tungeongea tusingesikizana.

23 Desemba

Mzee kagundua namna. Ameniambia asubuhi kwa furaha, kama mtoto aliyefungua kufuli. Spika za Castory ziko upande wa barabara, hazisogei. Basi akitoka anaziweka mgongoni, sawasawa katikati ya mabega, anazisikia mpaka kwenye mbavu, anakwenda mbele hivyohivyo na anafika kwenye mtumbwi. Kelele imekuwa njia! Jana amekwenda na kurudi. Kule hasikii kitu, wala maji wala wenzake, lakini anakaa.

"Adui akikaa mahali pamoja," akasema, "anakuonyesha pa kupita."

Kamba anaipita kwa dharau.

25 Desemba

Noeli. Selestini, mwanangu wa Mwandiga, ameleta nyama. Tumekula tukiangaliana kama mabubu.

28 Desemba

Sasa baa ina supu asubuhi, na supu nayo eti haishuki bila muziki. Nimekosa kumsomea mzee siku mbili hizi. Yanarundikana tu humu.

30 Desemba

Nimerudi kwa Castory. Nilimkuta anapanga kreti, nikamweka ukutani.

"Wewe mtoto, mama yako marehemu nimemfunga kitambaa cha kichwa siku anaolewa. Usiku mzima spika zako zinanipiga hapa kifuani. Zigeuze! Zipeleke huko mbali na ukuta wangu, zitazame kokote, hata Kongo!"

"Sawa bibi."

"Usiniambie sawa. Fanya."

"Nitafanya, bibi. Haki ya Mungu."

1 Januari

Castory ametimiza neno. Leo mchana kazishusha spika mchangani, upande wa kusini, mbali na ukuta wangu. Mabati yametulia kidogo. Kelele ni ileile ila haipo tena juu ya kitanda. Nimejisifu: kumbe mdomo wangu bado una kazi pwani hii. Kesho asubuhi nitamsomea mzee hili, si jambo la kumpigia kelele sikioni.

3 Januari

Jana asubuhi sikumsomea. Supu ilikuwa imejaa watu na muziki wao. Nikasema kesho.

Jioni ikanyesha, ile mvua ya kuangukia bati kama changarawe. Umeme ukakatika, Castory akawasha jenereta. Mwezi umejaa na mwaka ni mpya, wavuvi wote wako nchi kavu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mzee kavaa koti lake akatoka, sikumwona akitoka. Angekuwa ameniaga nisingesikia.

Akafanya kama alivyojifunza. Akaziweka spika mgongoni, katikati ya mabega, akaenda mbele. Spika zilikuwa zimehama na yeye hakujua. Njia yake ile haikumpeleka kwenye mtumbwi. Ilimpeleka kaskazini, kwenye mawe, pale kijito kinapoingilia ziwa, na kijito kilikuwa kimefura. Akateleza. Mguu ukabanwa kati ya mawe mawili, maji yakamfika kifuani, na kila wimbi likija linamfika mdomoni.

Akaita.

Ugali wangu uliiva. Nikaupua, nikaufunika. Nikachuja dagaa mafuta. Yote hayo nimeyafanya na yeye anaita. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama hadi pale kwenye mawe unaweza kurusha ndimu. Zamani alikuwa ananiita kutoka mbali ambako hata taa yake haionekani, na nikasikia.

Verediana ndiye aliyemwona. Alikuwa kwenye jiko lake, naye alishalihamishia mchangani karibu na spika, akaona kitu cheupe kinapunga kwenye mawe, akadhani ni mfuko. Kisha ule mfuko ukakohoa. Akapiga yowe, watu wakadhani anashangilia wimbo, nao wakapiga yowe. Akaacha samaki, akakimbia, akang'oa waya wa jenereta kwa mkono mtupu. Mkono ameuunguza.

Pakawa kimya. Na ndani ya kile kimya nikaisikia sauti yake. Ndefu mara mbili, fupi mara moja. Imekwaruza, haina nguvu, imeshajichosha. Sijui alikuwa ameanza lini.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Castory alinipita, akajitosa na nguo zake zote na viatu, akazama, akalisukuma jiwe, akamtoa mzee mgongoni mwake kama gunia. Wale walevi wote walisimama mchangani, wamevua kofia. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa analia.

Nilipomlaza kitandani nikamwambia: mimi ndiye niliyesema zigeuzwe. Nikamwambia na kwamba nilikuwa nimeliandika humu, sikumsomea.

Akauliza, "Hukunisikia kabisa?"

Nikasema kabisa.

Akageukia ukuta.

5 Januari

Kimya. Castory hajawasha kitu siku hizi. Amekuja kumwona mzee, ameleta maziwa. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Novemba, nikakosa pa kuyaweka. Mtu aliyemtoa mume wako majini utamwita nani?

Verediana naye amekuja, mkono umefungwa kitambaa. Nimemwomba radhi kwa kutomsalimu. Akasema, "Mama, nilijua utanisalimu siku moja, nilikuwa nasubiri tu." Mjinga mwenye moyo. Nimemfunga upya kile kitambaa.

Mzee goti limevimba, kifua kinapiga mluzi. Kimya chote hiki kipo na hatoki.

8 Januari

Baa ni tupu. Wavuvi wamehamia kwa mwingine kule juu, mwenye spika nne. Verediana amerudi na samaki wake walewale aliotoka nao.

10 Januari

Zimewashwa. Verediana alinitazama, nami nikamtazama. Hakutikisa mabega.

17 Januari

Nimekwenda kwa Castory bila ugomvi. Nilikaa naye kwenye kreti kabla hajafungua. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, taratibu, jinsi mzee anavyoendelea. Akanitolea sikio la kulia, kama anavyonitolea Leodgar. Nikanong'ona: Castory, unanisikia? Hakutikisika. Nikaenda nyuma yake nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Kijana hata thelathini hajafika.

Tangu anabeba vyombo vya muziki wa harusi, akiwa bado mdogo, analala kando ya hizo spika. Akizipunguza, yeye hazisikii kabisa, anadhani zimezimika. Ndiyo maana kila nikifika mlangoni kwangu zilikuwa zimerudi palepale. Nikadhani ananidharau.

Nikamwandikia kwenye boksi la bia: NENDA HOSPITALI. Akasoma, akacheka, akanipigia kelele usoni, "Mimi mzima, bibi!"

24 Januari

Mvua.

1 Februari

Mwezi umejaa. Mzee ameshika shavu jioni nzima.

6 Februari

Selestini ametuhamishia kwake Mwandiga. Amesema hataki kusikia mjadala. Chumba ni kizuri, kitanda kipya. Nyuma ya ukuta ni mashine ya kusaga. Mbele ni barabara, mabasi madogo yanapiga honi kuita abiria, na wapiga debe wanaita kuliko honi.

9 Februari

Mkwe wangu ananiambia, "Mtazoea, mama." Yeye amezoea: anaongea na watoto wake kwa kupiga kelele hata mashine ikiwa imezimwa, na watoto wanamjibu hivyohivyo. Nyumba nzima kama wanagombana, kumbe wanaombana maji.

14 Februari

Mzee ameketi ameelekea ukutani. Nimemuuliza sikioni anataka nini. Amesema, "Turudi."

"Kule nako hulisikii ziwa."

"Nalinusa."

16 Februari

Tumerudi Katonga. Selestini amekasirika, akasema wazee ni wabishi. Nikamwambia ndiyo, ungemjua baba yako akiwa na macho.

20 Februari

Yule Jonathan amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake kasema nipeleke malalamiko upya, ya awali hayapo. Nimemwambia kelele ipo, asiitafute kwenye faili.

27 Februari

Daftari hili sijamsomea tangu Januari. Asubuhi supu, mchana mashine, jioni baa. Nilijaribu leo, mdomo sikioni. Nikasoma siku ile ya umeme kukatika, nilidhani atafurahi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimefunga mlango wa kuku.

2 Machi

Mwezi unajaa kesho. Wameanza kukusanyika.

3 Machi

Leo jioni mzee amesimama mwenyewe. Goti linamvuta. Akapapasa ukuta, akafika mlangoni, nikadhani anataka hewa. Akanyoosha mkono chini polepole mpaka akaigusa kamba. Ile ile aliyoipita kwa dharau, imepigwa mvua zote, imeota ukungu. Akaishika. Mkono juu ya mkono, akatoka nayo hadi kwenye mchikichi, mimi nyuma yake sikohoi hata kidogo. Spika kule chini zinapiga. Pale kwenye mchikichi akasimama, kamba imekaza mbele yake inakwenda kwenye mtumbwi. Akaivuta mara moja, kama mtu anayepima samaki yupo au hayupo. Kisha akageuka.

Nilipomfikia akainama sikioni kwangu.

"Ifupishe, Brigita."

"Niifupishe mpaka wapi?"

"Chooni. Huko kwingine sina safari."

Nilitaka kumgombeza. Nimemgombeza mtu huyu tangu ujana wetu na hajawahi kunishinda. Nikaenda nikachukua kisu.

Nimeikata pale kwenye mchikichi, nikaifunga kwenye nguzo ya choo. Imebaki kamba ndefu, ile ya kutoka mchikichi kwenda ziwani. Verediana ameiomba aanikie nguo. Nimempa.